Kabla ya kununua vihisi vya gesi, tuzungumze kuhusu heksani yenyewe

*"Shikamoo Mhandisi. Mimi na wenzangu wawili tuna kiwanda cha kukamua alizeti nje kidogo ya mji wa Singida. Wakati wa msimu tunakamua tani 20 za mbegu kwa siku. Maabara imetuambia mashudu yetu yanabaki na mafuta asilimia 10, na inaniuma kuona pesa inaondoka kwenye malori ya wafugaji. Tumepata mtu anayeuza mtambo uliotumika wa kuyavuta mafuta hayo kwa heksani. Ni wa mafungu: unajaza mashudu, unaingiza heksani, unapasha moto, unafungua mlango, unatoa mashudu kwa koleo, unaanza upya. Umefanya kazi miaka 12 ulikotoka bila ajali. Nafasi tuliyonayo ni nyuma ya jengo la kukamulia. Ukuta wa shule ya msingi uko mita kama 70. Tumetenga fedha za vihisi vya gesi, feni kubwa za dari, mitungi ya kuzimia moto, mfumo wa povu, na tangi la heksani la lita 30,000 ili tusisumbuke na safari za Dar es Salaam. Fundi wa muuzaji anasema tuanze na majaribio kwenye mapipa ili tuione faida kwanza. Malipo ya awali yanatakiwa mwisho wa mwezi. Je, usalama tuliouandaa unatosha, au kuna kifaa tumekisahau?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la haraka: hayo majaribio ya mapipa msiyafanye. Si kesho, si "kidogo tu", si nje chini ya mwembe. Mkiwa tayari mmeshanunua heksani ya kujaribia, ifungeni vizuri, iwekeni mahali penye kivuli na hewa, mbali na moto, jiko, pikipiki na swichi za umeme, kisha pigieni simu ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda yenu muulize namna ya kuikabidhi. Fundi anayependekeza kuchemsha heksani kwenye pipa amekwisha kukuonyesha kiasi cha ujuzi wake.

Sasa swali lenyewe. Umeorodhesha vifaa vya usalama kwa uaminifu, na fedha mmetenga. Wengi wanaoniandikia hawajafika hata hapo. Lakini angalia orodha yako: kihisi, feni, mtungi, povu. Vyote vinakuja baada ya heksani kukubaliwa kuwa itaingia kiwandani, itakaa kwa wingi, na siku moja itatoka. Hakuna hata kimoja kinachouliza kwa nini iwepo, au kwa nini iwe lita 30,000. Maswali hayo hujibiwa kwenye karatasi, kabla ya zege kumwagwa, na hapo majibu yake yanagharimu kalamu na kifutio. Ukishajenga, yanagharimu kiwanda.

Tuijue kwanza heksani. Ni ndugu wa damu wa petroli. Mafundi wengi huiona kama "dawa ya kiwandani" kwa sababu haiuzwi kituo cha mafuta, lakini tabia ya moto ni ileile. Huchemka kwenye nyuzijoto 69. Hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata ikiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo mchana wa Singida ni joto la kuizidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, unaingia kwenye mtaro, kwenye shimo la boila, chini ya mlango, na kwenda kutafuta cheche mbali na mahali ulipovujia. Hapo ndipo feni zako za dari zinapokosa kazi: zitapunga hewa safi iliyo juu huku mvuke ukiwa umelala usawa wa magoti.

Nikupe hesabu ndogo ambayo huwa nawapa vijana wangu. Lita moja ya heksani ikigeuka mvuke wote hutoa takribani lita 190 za mvuke. Mvuke huo hushika moto ukifika karibu asilimia moja tu ya hewa uliyomo, hadi kama saba na nusu. Maana yake lita moja inaweza kuharibu mita za ujazo 17 hivi za hewa. Dumu la lita 20, lile la kubebea maji, linatosha kuujaza ukumbi wa urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4, kona hadi kona, mchanganyiko unaosubiri cheche. Tangi lako lina madumu 1,500.

Watanzania hatuhitaji kuelezwa sana mvuke wa namna hii unafanya nini. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, na moto ulipowaka ulichukua maisha ya zaidi ya watu 100. Mafuta yalikuwa yamemwagika mahali pa wazi, hewani, mchana. Wewe unataka kuyaweka ndani ya jengo.

Kuna jina moja katika kazi yetu ambalo natamani lingejulikana kwa wenye viwanda kama linavyojulikana kwa wahandisi: Trevor Kletz, Mwingereza, mkemia aliyekuwa mshauri wa usalama katika kampuni ya kemikali ya ICI. Mwaka 1977 alitoa mhadhara mjini Widnes ambao kiini chake kilikuwa maneno machache: usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Kinaonekana kama mzaha. Lakini wenzake wakati huo walikuwa wakifanya kama unavyofanya wewe: kitu cha hatari kinawekwa kwa wingi, kisha kinazungushiwa walinzi. Kletz akasema, badala ya kuongeza walinzi, mpunguze anayelindwa.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu kabla, Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha Flixborough huko Uingereza kililipuka. Walikuwa wakitumia saikloheksani, ambayo si heksani hii yako lakini kwa moto ni jamaa wa karibu, katika kutengeneza malighafi ya nailoni. Matangi sita yalipangwa kwa mfuatano, kimiminika kikiwa kwenye nyuzi 155 chini ya shinikizo. Tangi la tano lilipasuka ufa, likaondolewa, na la nne likaunganishwa na la sita kwa bomba la muda. Mchoro wa bomba lile ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Bomba likaachia, wingu likatoka, likawaka. Walikufa watu 28, na 18 kati yao walikuwa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Siku ya kazi wangekuwa wengi zaidi.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama kisa cha bomba baya, na kweli lilikuwa baya. Kletz alitazama kitu kingine: kwa nini palikuwa na saikloheksani nyingi kiasi kile? Kwa sababu kila mzunguko ulibadilisha sehemu ndogo tu ya kimiminika kuwa kile walichotaka, na kilichobaki kilizungushwa tena na tena. Kiwanda kilibeba mzigo mkubwa wa moto kwa ajili ya kazi ndogo. Ungeweza kuwa na mafundi mia wa mabomba na mzigo ule ungebaki palepale, unasubiri kosa lijalo.

Kisha ikaja ajali ya kiwanda cha dawa za wadudu cha Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984. Maji yaliingia kwenye tangi lenye tani zipatazo 40 za methili isosayaneti, kemikali yenye sumu kali, likachemka lenyewe, gesi ikatoka ikalala juu ya mitaa ya watu maskini waliokuwa usingizini. Walikufa maelfu. Nakutajia Bhopal kwa sababu pale walinzi walikuwepo wote. Palikuwa na mfumo wa kulipoza tangi: ulikuwa umezimwa. Palikuwa na mnara wa kuosha gesi: haukuwa tayari kufanya kazi. Palikuwa na mwenge wa kuiunguza gesi: bomba lake lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Mkaguzi angepita na orodha yake angeweka alama ya vyema kwenye kila kisanduku. Na jambo linalouma zaidi ni kwamba kemikali ile haikuwa malighafi iliyonunuliwa wala bidhaa iliyouzwa. Ilikuwa ya katikati, ya kupita tu. Hapakuwa na ulazima wa kuihifadhi. Baadaye kampuni ya DuPont huko Marekani ilionyesha inawezekana kuitengeneza na kuitumia papo hapo, bila matangi ya akiba.

Sasa rudi kwako. Heksani mkulima hakuletei, na mteja hainunui. Ni mgeni katika biashara yako. Mgeni wa namna hii anaulizwa maswali mlangoni.

Utasema, Mhandisi, hizo ni habari za viwanda vikubwa vya Ulaya na India. Basi nikupe ya kwangu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mafuta kilichokuwa na mtambo wa heksani, mkubwa kuliko huo wako. Usiku mmoja umeme ukakatika. Pampu ya maji ya kupoozea ikasimama, lakini boila lilikuwa bado na mvuke wake, na mvuke ukaendelea kuichemsha heksani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipoozeo, kile kinachourudisha mvuke kuwa kimiminika, bila maji ni bomba tu. Mvuke wa heksani ukapita, ukatoka juu kwenye bomba la kupumulia, ukashuka ukutani, ukaanza kujaa uani. Tuliusikia harufu tukiwa hatua arobaini. Kihisi cha gesi? Kilikuwepo. Kilikuwa kinapata umeme kutoka kwenye laini ileile iliyokatika.

Jenereta lilikuwa mita 15 kutoka pale, limeunganishwa ili liwake lenyewe umeme ukikatika. Halikuwaka. Betri ilikuwa imechoka na mtu wa matengenezo alikuwa ameahirisha kuibadilisha kwa wiki mbili. Asubuhi yake meneja alitaka kumwandikia barua ya onyo. Msimamizi wetu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akamwambia: mwandikie ya shukrani. Jenereta lile lingewaka, lingeuwasha ule mvuke uliojaa uani.

Tangu hapo sijawahi kumwamini mlinzi anayehitaji umeme. Na sisemi usinunue vihisi. Heksani ikiwepo, vihisi ni lazima, na vinahitaji kupimwa usahihi mara kwa mara na mtu anayejua, jambo ambalo ukiwa Singida ujiulize ni nani. Ninachosema ni kwamba kuna usalama wa kuzaliwa nao na usalama wa kuvalishwa. Wa kuvalishwa huchakaa, husahauliwa, huazimwa kwenda idara nyingine, huzimwa kwa sababu unapiga kelele. Wa kuzaliwa nao upo saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika na msimamizi amelala.

Kuhusu miaka 12 bila ajali: nauamini ukweli wa neno hilo, siiamini maana yake. Mtambo wa mafungu unafunguliwa kila baada ya saa chache. Heksani ndani ya chombo kilichofungwa haina hewa ya kuungulia. Mvuke umejaa mno, moto haushiki. Nje kabisa hewa ni safi, moto haushiki. Hatari inaishi katikati, pale mvuke na hewa vinapokutana, na kila unapofungua mlango lazima upite katikati. Ukifungua mara tatu kwa siku, siku 200 za msimu, ni mara 600 kwa mwaka, na kila mara mbele ya mlango amesimama kijana mwenye koleo la chuma. Miaka 12 maana yake mlango ule ulifunguliwa maelfu ya mara na cheche haikutokea. Hiyo ni habari ya cheche, mlango umebaki vilevile. Tena kijana huyo anavuta mvuke kila siku, na heksani ikivutwa kwa miezi huharibu neva. Huanza kwa ganzi kwenye vidole vya miguu na mikono, halafu miguu inalegea. Mtambo wa mfululizo, ambao mashudu yanaingia upande huu na kutoka upande ule bila chombo kufunguliwa, huipita ile hatari ya katikati hasa wakati wa kuwasha na kuzima tu. Ni ghali zaidi, na kwa tani zako sidhani kama utaupata wa kukufaa.

Hebu sasa tuangalie pesa inayokuuma, maana bila hiyo tunazungumza mahubiri.

Tani 20 za mbegu zenye mafuta asilimia 38 hivi zina vitu visivyo mafuta tani 12.4. Mashudu yenye mafuta asilimia 10 yatakuwa karibu tani 13.8, ndani yake mafuta tani 1.4 kasoro kidogo. Heksani ikifanya kazi vizuri itayashusha hadi asilimia 1, yaani utapata takribani tani 1.25 za ziada kwa siku. Ndiyo ndoto anayokuuzia fundi. Lakini kukamua kwa skrubu kukifanywa vizuri huacha asilimia 6 au 7. Ukifika 6, umepata karibu tani 0.6. Yaani karibu nusu ya ndoto yote, bila tone la heksani.

Unafikaje huko? Mara nyingi kiwanda kinachoacha asilimia 10 kina matatizo ya kawaida kabisa. Mbegu zinaingia na unyevu wa kubahatisha, leo asilimia 5, kesho 11. Hazipashwi moto kabla ya kukamuliwa, au zinapashwa kwa macho. Maganda yanabaki mengi yakinywa mafuta, au yamekobolewa yote mpaka skrubu inakosa cha kushika. Skrubu na pete zimelika na hakuna anayepima. Nunua kipimo cha unyevu, weka chombo cha kupashia mbegu kabla ya mashine, badilisha vipuri kwa kalenda badala ya kusubiri kelele, na ufikirie kukamua mara mbili. Hili la mwisho linakula umeme na mashine ya pili ni fedha, na mafuta ya mkamuo wa pili huwa meusi zaidi, yanahitaji kusafishwa. Ni gharama za kweli. Lakini zikienda vibaya, unapoteza skrubu.

Na yale mafuta yanayobaki kwenye mashudu hayapotei kama unavyoona. Mfugaji anayanunua kwa sababu yana nguvu, na soko la mashudu lipo hapa na ng'ambo ya mpaka, Kenya. Pima mafuta na protini ya mashudu yako kila shehena, uza kwa cheti cha maabara badala ya kuuza kwa gunia, na sehemu ya ile pesa inarudi kwa mlango mwingine. Sijui kwa nini wenye viwanda wadogo wanaona haya kuliita hilo biashara.

Njia nyingine ni kuuza mashudu yako kwa kiwanda kikubwa chenye mtambo wa heksani wa mfululizo. Nikiri, hapo hatari haijafutika, imehamia kwa jirani. Lakini imehamia mahali penye wahandisi wa zamu tatu, eneo lililotengwa, na heksani kidogo kwa kila tani ya mashudu. Mtambo mzuri hupoteza takribani lita moja kwa tani, chakavu hupoteza mara kadhaa. Hizo lita zinazopotea ndizo unazozivuta wewe na jirani zako.

Kubadilisha kiyeyushi, yaani kuyavuta mafuta kwa kitu kingine badala ya heksani, je? Hukuniuliza, lakini huenda unawaza hilo, nami nitajibu moja kwa moja. Ethanoli haina ukali wa heksani kwa neva, na huchanganyika na maji, hivyo ikimwagika inaweza kupunguzwa nguvu. Lakini nayo inashika moto kwenye joto la kawaida la kwetu, huyeyusha mafuta vibaya ikiwa baridi, na inakula nishati nyingi kuirudisha. Hewa ya ukaa iliyobanwa haiwaki kabisa, ila inadai mashinikizo ya mamia ya mara ya hewa tunayovuta na vyuma vya bei ya kutisha. Unabadilisha moto kwa mlipuko wa chombo, na gesi hiyo nayo hulala chini na kukosesha watu pumzi kwenye mashimo. Kwa mafuta ya kula ya bei ya kawaida, hakuna hata moja kati ya hizo inayokufaa leo. Hapo ndipo wengi hukosea wakisikia habari hizi za kubuni usalama tangu mwanzo: hudhani kuna kitu safi kinachofuta hatari zote. Unachagua hatari unayoweza kuishi nayo.

Hata kupunguza kuna mtego. Nikikwambia tangi la lita 30,000 ni kubwa mno, utaniambia basi niweke 5,000. Sawa, lakini sasa lori litakuja mara sita, na kila kuja ni mpira kuunganishwa, mpira kufunguliwa, dereva aliyechoka, waya wa kutuliza umeme wa msuguano uliosahauliwa. Kipimo sahihi hutoka kwenye hesabu ya matumizi yako: mtambo unapoteza lita ngapi kwa siku, na siku ngapi za akiba zinatosha. Ukiona jibu linalazimisha tangi kubwa, mtambo wenyewe ndio unaovuja.

Ikiwa baada ya yote haya mtaona bado mnahitaji heksani, miaka miwili mitatu mbele, kwa tani nyingi zaidi, basi mambo haya yaandikwe kwenye mchoro kabla ya tofali la kwanza. Mtambo ukae kwenye fremu ya chuma iliyo wazi, bila kuta, upepo uwe feni yenu. Sakafu isiwe na shimo hata moja. Mitaro yake isiungane na mfereji wowote wa nje bila mtego wa kuizuia heksani isitoke. Huko Louisville, Marekani, tarehe 13 Februari 1981, heksani kutoka kiwanda cha soya iliingia kwenye mabomba ya maji taka, gari lililopita barabarani likaiwasha, na zaidi ya kilomita tatu za mitaa zikapasuka toka chini. Kwa bahati ilikuwa alfajiri na hakuna aliyekufa. Tangi la maji ya kupoozea liwekwe juu, maji yashuke yenyewe umeme ukikatika, yatoshe mpaka boila lipoe. Vali ya mvuke wa boila iwe ya kujifunga inapokosa umeme au hewa, siyo ya kusubiri mtu akimbie. Boila, jenereta, karakana ya kuchomelea na chumba cha waongozaji vikae mbali, upande unakotoka upepo wa kawaida. Viungo vya flenji viwe vichache, mipira isiwepo kabisa ila ya kupakulia, na mashudu yakaushwe heksani yote kabla ya kwenda ghalani, la sivyo unamuuzia mfugaji gunia la mvuke. Wamarekani wana kiwango chao cha mitambo hii hasa, NFPA 36, kinachodai eneo litengwe, liwe na uzio, na vyanzo vya cheche viwe mbali. Mwombe mhandisi wako akisome.

Na mhandisi huyo umtafute sasa, kabla ya malipo ya awali, maana baada ya malipo kila ushauri utasikika kama kelele. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na awe amefanya kazi kwenye mtambo wa kiyeyushi, siyo kuuona tu. Akae nanyi siku mbili tatu mpitie mchoro bomba kwa bomba, mkiuliza kila mahali: kukiwa na mtiririko zaidi je, kukikosekana je, ukirudi nyuma je, umeme ukikatika je. Mwalikeni fundi wenu wa umeme na kijana wa koleo. Wao ndio wanaojua kinachofanyika usiku. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanapaswa kuona eneo na michoro, NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana tathmini yao ya mazingira, Mkemia Mkuu wa Serikali anasajili wanaoshughulika na kemikali za viwandani, na Zimamoto wa mkoa waulizwe swali moja la kiume: gari lenu lina povu kiasi gani, na litafika kwa dakika ngapi? Wasipokuwa na jibu zuri, hilo nalo ni jibu kuhusu ukubwa wa tangi.

Nimeiacha shule mwisho kwa sababu haina mjadala. Mita 70 kutoka ukuta wa watoto hadi mtambo wa heksani wa kufungua kwa mkono, kwenye uwanja huo, ni hapana. Ungekuwa mpya, ungekuwa wa bure, ungekuja na vihisi vya dhahabu, bado ni hapana. Na kiwanja kikibadilika, mtambo huo wa mafungu bado nisingeununua.

Kama wenzako wawili hawajashawishika, usigombane nao. Mwandikieni muuzaji leo, awajibu kwa maandishi: mtambo ukiwa kazini, ndani yake kuna lita ngapi za heksani? Ulipoteza lita ngapi kwa tani katika mwaka wake wa mwisho? Na umeme ukikatika katikati ya fungu, nini hufanyika dakika kumi za mwanzo? Akishindwa kujibu la kwanza, hajui anachowauzia. Akijibu la tatu kwa kusema jenereta litawaka, mwambieni mmeahirisha.